Chembe Zangu Zilivyorudi Mwilini

Uvimbe ulianza upande wa kushoto wa shingo, chini ya sikio, msimu wa kuokota korosho. Nilidhani ni mtoki wa kawaida, kama ule unaokutoka kinenani ukijikwaa kidole. Nikaukanda kwa maji ya chumvi, nikaendelea na kazi. Nafundisha shule ya msingi Newala, darasa la nne, na watoto wa umri ule hawajui kuficha macho. Ukiwa na kitu shingoni watakitazama hicho kuliko ubao. Nikaanza kujifunga mtandio hata jua likiwa kali.

Kwenye kituo cha afya nikaambiwa ni kifua kikuu cha tezi. Siwalaumu. Huku kwetu mtoki usiopoa kwanza huitwa kifua kikuu, na mara nyingi ndivyo ulivyo kweli. Nilimeza vidonge, uvimbe haukusikia. Ukaota mwingine kwapani. Nguo zikaanza kunipwaya, nikawa naamka shuka limelowa jasho, hata miezi ile ya baridi ambayo ukungu unakaa Newala mpaka watoto wanakwenda mapumziko ya saa nne.

Aliyenitoa pale ni mdogo wangu. Yeye anauza vitenge sokoni Masasi, ameolewa huko huko, na tangu utotoni hajui kusubiri. Alipanda Newala bila kunipigia simu, akanikuta nimejilaza barazani baada ya vipindi. Akautoa mtandio shingoni kwangu kwa mkono wake mwenyewe, akatazama.

"Dada, jiandae tushuke Masasi."

"Sijamaliza dozi."

"Utaimalizia huko. Hiki kitu mimi sikielewi, na wewe hukielewi. Twende kwa anayekielewa."

Masasi daktari alikata kinyama kwenye ule uvimbe wa shingo, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Majibu yalipotoka tukaambiwa tuyafuate huko huko. Dar es Salaam nilipokelewa na daktari mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, anayezungumza polepole kama mtu anayepima chumvi kwenye mboga. Akaniambia nina saratani ya tezi, ile inayoitwa limfoma, na yangu ni ya aina yenye mbio.

"Mwalimu, usiogope hilo neno mbio," akasema. "Zenye mbio ndizo mara nyingi zinazosikia dawa."

Na ilisikia. Nilitundikiwa dripu za dawa za saratani kwa miezi, nywele zikaisha, ulimi ukawa kama nimelamba sarafu, lakini uvimbe uliyeyuka. Nikarudi Newala nikafundisha muhula mzima. Kisha, mvua za kwanza zilipokaribia, nikagusa kwapa nikioga, nikaukuta uvimbe tena. Safari hii ulikuwa hata tumboni. Daktari akanibadilishia dawa, kali kuliko zile za mwanzo. Hazikuutikisa.

Siku daktari aliponiambia ukweli, mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni yangu. Daktari hakuzunguka. Alisema kuna njia mbili. Moja ni kunipunguzia maumivu na kuniacha nikae na watu wangu. Ya pili haikuwa ikifanyika kwetu, ingebidi kwenda India.

"Unawafundisha watoto kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili?" akaniuliza.

"Kila mwaka."

"Askari wako wapo. Tatizo ni kwamba adui amevaa sare zao, wanampita bila kumgusa. Sasa kuna tiba ambayo wanakutoa askari hao, wanawapeleka maabara, wanawawekea kitu cha kumtambua adui, wanawazidisha, kisha wanawarudisha mwilini mwako. Si dawa ya dukani. Ni chembe zako mwenyewe."

Nikamuuliza wanaopona ni wangapi. Akasema jambo ambalo nalishukuru mpaka leo.

"Kwenye tafiti huchaguliwa wagonjwa wenye nguvu. Mimi nataka nikuambie ya watu wa kawaida, wa umri wako, waliochoshwa na dawa kama wewe. Wako wanaokaa miaka na miaka bila ugonjwa, na hao si wachache. Wako ambao unayeyuka, halafu unarudi, na ukirudi kwa kawaida unarudi mapema. Na wako wachache ambao tiba yenyewe inawaua. Siwezi kukuambia wewe utaangukia wapi."

Mdogo wangu akamuuliza, "Na asipokwenda?"

"Asipokwenda najua atakapoangukia."

Nje ya ile ofisi nilimwambia mdogo wangu kwamba nakwenda. Sikulia. Nilikuwa nimeshalia mara ya kwanza, na nilikuwa nimegundua kwamba kilio kinanichosha na hakinipunguzii kitu. Nilichotaka ni kujua tunaanza wapi.

Tulianza Chilangala, kwa mjomba. Kwetu mambo ya watoto wa dada ni ya mjomba, hata hao watoto wakiwa na mvi. Marehemu mume wangu alikuwa akitania kwamba alioa mwanamke mmoja akapata wakubwa wawili. Mjomba ni mkulima wa korosho, macho yake mekundu kwa miaka mingi ya kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo damu watakayokurudishia ni yako, au ya mtu?"

"Ni yangu, mjomba."

"Basi nenda."

Jinsi fedha zilivyopatikana ni habari ndefu nisiyopenda kuisimulia. Walimu wenzangu walihusika, kanisa langu lilihusika, msikiti wa mdogo wangu ulihusika, na hospitali ile ya India ina mfuko wa kusaidia wageni. Shamba letu la Chiwata, kijijini tulikokulia, hatunalo tena.

Tulipofika India nilikuwa nakula kwa shida. Mdogo wangu alikuwa na Kiingereza cha sokoni, cha bei na rangi, lakini alikitumia chote. Walinilaza kando ya mashine, wakanichoma sindano mikono yote miwili. Damu ikawa inatoka huku, inazunguka kwenye mashine, inarudi kule. Kifuko kidogo juu ya mashine kikawa kinajaa kitu chenye rangi ya uji wa ulezi. Mdogo wangu akakitazama muda mrefu.

"Ndiyo hao askari?" akamuuliza nesi kwa Kiswahili, kama vile nesi angejua. Nesi akatikisa kichwa kwa namna yao ambayo hatukujua bado kama ni ndiyo au hapana.

Chembe zilipelekwa maabara, sisi tukabaki kusubiri kwa wiki kadhaa. Huo ndio wakati mgumu ambao watu hawausimulii. Saratani haikusubiri. Tumbo lilivimba, mguu mmoja ukajaa maji, ikabidi nipewe dawa za kuishikilia tu isinimalize kabla askari hawajarudi.

Chumba cha pili alikuwapo mstaafu wa reli, mtu wa mji ule ule, aliyekuwa mbele yetu katika tiba hiyo hiyo. Yeye alisharudishiwa chembe zake. Alikuwa anatembea ukumbini na fimbo, na kila akipita mlangoni kwetu alinyanyua mkono kama anayeruhusu treni kuondoka. Mkewe na mdogo wangu wakawa marafiki bila lugha. Mkewe alimwonyesha dengu za kwao zinavyopikwa. Mdogo wangu akampa korosho tulizotoka nazo nyumbani. Yule mama akacheka, akamvuta mpaka dukani, akamwonyesha kwa kidole magunia ya korosho yaliyoandikwa Tanzania.

Chembe zikarudi. Kifuko kilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea, kimegandishwa kwa baridi kali mpaka kinatoa moshi. Walikiyeyusha, wakakitundika, kikaisha kabla mdogo wangu hajamaliza dua yake. Chumba kizima kilinuka mahindi ya kuchemsha. Nesi akasema ni dawa ya kuzihifadhia. Mimi nilisema Baba Yetu kimoyomoyo, nikangoja nione nitasikia nini. Sikusikia kitu.

Homa ilikuja baada ya siku chache, nayo nilikuwa nimeonywa. Daktari alisema ni ishara kwamba vita vimeanza. Lakini kuonywa na kuungua ni vitu viwili. Nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Presha ikashuka, wakanihamishia chumba cha uangalizi, wakanipa dawa ya kutuliza hivyo vita.

Kila asubuhi walikuwa na maswali yao. Jina lako nani? Uko wapi? Hesabu kurudi nyuma. Kisha wananipa karatasi niandike sentensi moja, ile ile kila siku, waone kama ubongo umeguswa. Mimi nilichagua kuandika, "Mikorosho yetu imeanza kutoa maua." Manesi hawakujua maana yake, ila waliyajua maumbo ya herufi zangu. Mwandiko wangu ni wa mwalimu wa darasa la nne, kila herufi imekaa kwenye mstari.

Asubuhi moja niliandika, nikaridhika, nikamrudishia nesi. Ninakumbuka kuridhika kule. Mdogo wangu ndiye aliyekuwapo, na ndiye aliyenisimulia kwamba karatasi ilikuwa na mstari mmoja uliopinda-pinda kama njia ya mchwa. Nesi alikimbia kumwita daktari. Walipofika na kuniuliza jina langu, niliwajibu kwa Kimakonde. Kiswahili na Kiingereza vilikuwa vimenitoka vyote.

"Nilikaa pale kitandani nikawa nawatafsiria," mdogo wangu aliniambia baadaye. "Daktari anauliza uko wapi, wewe unasema uko kisimani na maji yameisha. Nikamwambia daktari, anasema yuko nyumbani."

"Uliogopa?"

"Niliogopa. Lakini ulikuwa unasema. Nikasema akinyamaza ndipo nitalia, kwa sasa namfuata kule kule aliko."

Akanifuata. Aliongea nami Kimakonde kutwa nzima, habari za mama mkubwa aliyetulea Chiwata, za ming'oko, vile viazi vya porini tulivyochimba, za mwalimu aliyetuchapa kwa kuongea Kimakonde darasani. Madaktari walinipa dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo. Taratibu herufi zikarudi kwenye mstari. Neno la kwanza la Kiswahili nililosema, nasikia, lilikuwa kumwambia mdogo wangu anyamaze, kichwa kinaniuma.

Mwezi ulipopita walinipiga picha ya mwili mzima. Daktari wa India, mwanamume mrefu mwenye sauti ya taratibu, aligeuza kioo cha kompyuta tuone. Picha ya zamani ilikuwa na madoa yanayong'aa shingoni, kwapani, tumboni. Picha mpya ilikuwa na ubongo na kibofu tu, ambavyo hung'aa kwa kila mtu.

"Imekwenda," akasema. "Lakini tunakuomba ukae imara. Miezi ya mwanzo ndiyo inayotuonyesha kama itarudi."

Tukarudi Newala na masharti. Kunywa maji yaliyochemka tu, hata yale ya kisima chetu cha mvua tuliyoyanywa maisha yote. Kukaa mbali na mikusanyiko. Kutokaa kwenye salfa. Homa yoyote, hospitali siku hiyo hiyo. Msimu wa kupuliza ulipofika, mashine zikaanza kunguruma mashambani na vumbi la njano kutanda juu ya mikorosho, nikafunga nyumba nikahamia Masasi mjini kwa mdogo wangu. Hata hivyo nimonia ilinipata. Nililazwa Masasi, na daktari wa pale aliongea kwa simu na yule wa Dar es Salaam, wakaniagizia dripu ya kinga, ile inayotengenezwa kutokana na damu za watu wengine.

Nikiwa nimetoka hospitali, bado napumua kwa kuhesabu, mama mkubwa akafariki Chiwata. Mjomba akaja kutuchukua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Gari liko nje. Tunazika kesho."

"Mjomba, mimi siji."

Alinitazama kama hakusikia. "Umesema nini?"

"Mdogo wangu atakuja. Mimi siji kwenye watu."

"Yule ndiye aliyekubeba mgongoni, mama yenu alipokuwa hana nguvu. Watu watasema umekwenda India umerudi Mzungu."

"Waseme, mjomba."

Nilisikia mdogo wangu akivuta pumzi. Sikuwahi kumjibu mjomba hivyo. Lakini sikuwa nimevuka yote yale ili nife kwa mafua ya msibani, na mama mkubwa angekuwa wa kwanza kunifukuza. Nikamweleza nilivyoelezwa mimi: kwamba askari wale wanapoua saratani, wanaua pia chembe zinazotengeneza kinga, kwa sababu zinafanana nayo. Kwamba hata chanjo nilizochanjwa utotoni hazinisaidii tena.

"Kwa hiyo wewe sasa ni kama kichanga," mjomba akasema.

"Ndivyo walivyosema."

Akapangusa macho yake mekundu kwa leso. "Kichanga hakipelekwi msibani," akasema, akatoka na mdogo wangu wakaondoka. Kesho yake, kabla mwili haujatolewa, alisimama mbele ya watu Chiwata akaeleza kwa nini sipo. Wengi walielewa. Shangazi mmoja hanisalimii mpaka leo, na nimekubali iwe hivyo. Siku za matanga zilipokwisha, nilikwenda kaburini na mdogo wangu tukiwa wawili tu. Nilipalilia, nikakaa, nikamwambia mama mkubwa yote.

Katika miezi hiyo ndipo simu ilipokuja kutoka India. Alikuwa mke wa yule mstaafu wa reli, jirani akimtafsiria kwa Kiingereza. Mdogo wangu alipokea, akasikiliza, akasema "pole" mara nyingi kwa Kiswahili, kwa sababu neno la Kiingereza halikumjia. Ugonjwa ulikuwa umemrudia yule baba kwenye ini, na haikuchukua muda akafariki. Picha yake ya mwezi wa kwanza ilikuwa safi kama yangu.

Nilimpigia daktari wa India. Nilimuuliza kwa nini yeye na si mimi.

"Mambo mengine tunayajua," akanijibu kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Ugonjwa wake ulikuwa umeenea zaidi kabla ya kuanza. Lakini nimewaona wenye zaidi ya huo wakapona, na wenye kidogo ukawarudia. Wewe sijui, Mwalimu. Hiyo ndiyo kweli yangu."

Jibu hilo lilinikaa kifuani siku nyingi. Kisha nikaona kwamba halinibadilishii ratiba. Maji ya kuchemsha yalibaki pale pale, kipimo cha mwezi unaofuata kilibaki pale pale, na shule ilikuwa inafunguliwa.

Miaka imepita sasa. Kila kipimo nilichofanyiwa Dar es Salaam kimerudi safi, na mara ya mwisho daktari wangu alitumia neno kupona, kisha akagonga meza yake ya mbao mara moja, kama Wazungu wanavyofukuza mkosi, akacheka mwenyewe. Si kwamba nimerudi nilivyokuwa. Nyayo zimekufa ganzi, nateremka ngazi nikitazama miguu. Majina ya watoto yananikimbia, nawaita kwa viti wanavyokalia. Nikifika adhuhuri nguvu zimekwisha, kwa hiyo mwalimu mkuu amenipa vipindi vya asubuhi. Chanjo nimeanza upya, nikapanga foleni na akina mama wenye watoto mgongoni.

Mwaka huu yule daktari wa Dar es Salaam alinipigia akaniuliza kama ningekubali kuongea na mtu. Alikuwa mwalimu wa sekondari, anaishi Chidya, ana ugonjwa kama wangu, na dawa za pili zimemshinda kama zilivyonishinda. Amekata tamaa ya kwenda India. Nikasema aje.

Alikuja na mkewe. Tulikaa uani, mbali kidogo, mimi na barakoa yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akaniuliza moja kwa moja, "Mwalimu, ukweli. Inaponya?"

Nikamweleza yote. Nikamweleza homa, na ile karatasi. Nikamweleza kuhusu mstaafu wa reli, kwamba tulikuwa chumba kwa chumba, dawa moja, na kwamba yeye yuko kaburini. Mkewe aliinamisha kichwa. Nilijua huenda namvunja moyo, lakini mimi niliambiwa ukweli, na ukweli ndio uliokuwa na uzito wa kusimamia.

"Sasa ungekuwa mimi?" akauliza.

"Nilikuwa wewe. Nilikwenda."

Alitazama mikono yake. Alama za sindano zilikuwa bado nyeusi. "Nina vidato viwili vinafanya mtihani mwaka huu," akasema, zaidi kwa mkewe kuliko kwangu.

"Wapo walimu wengine," mkewe akamjibu. "Wanangu hawana baba mwingine."

Walikaa hadi chai ya pili. Nilimwambia mkewe abebe karanga na unga wa muhogo, maana chakula cha kule mdomo utakikataa, na amfundishe mumewe sentensi moja fupi ya kuandika. Nilimwambia pia ajiandae kwa zile wiki za kusubiri, asizione kama bahati mbaya.

Wamekwenda. Juzi mkewe alinitumia ujumbe kwamba wameshamtoa mumewe chembe, zimepelekwa maabara, na mguu wake mmoja umeanza kuvimba. Nimempigia, nimemwambia wangu ulivimba pia, amwite nesi aangalie, na akae na mumewe.